Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: friza imezima, jenereta iko wapi?

Mheshimiwa Waziri, salamu nyingi na pole na majukumu. Naandika hadharani kwa sababu barua za kufuata ngazi tumeandika mpaka basi na hakuna aliyejibu hata "tumeipata".

Wikendi iliyopita umeme ulikatika maabarani kwetu, friza yetu ya nyuzi 80 chini ya sifuri ikazima. Jumatatu nafungua mlango, maji yakanimwagikia viatuni. Vichupa vya plazma (ile sehemu ya majimaji ya damu) vyote vimeyeyuka, lebo zimebanduka zinaelea. Ile jenereta uliyotuahidi siku unakata utepe bado haijafika. Mashine uliyopiga nayo picha lakini ipo, nzima kabisa, inang'aa, ila sasa haina cha kupima.

Labda siku ile hukuelezwa vizuri maana hotuba zilikuwa ndefu. Sisi tunatafuta protini za kwenye damu zinazoweza kuonyesha mapema kwamba ateri za mtu, yaani mishipa inayotoa damu kwenye moyo, zinaharibika, kabla hajaanguka. Troponini, protini ya misuli ya moyo inayopimwa hospitali, inakwambia misuli ya moyo imeshaumia, kolesteroli nayo inasaidia ila wapo wanaopata shambulio la moyo na kolesteroli yao iko sawa tu. Ndo maana tunahangaika na protini, tunazikata vipande kwa kimeng'enya kinachoitwa tripsini, spektrometa ya masi, ile mashine uliyopiga nayo picha, inapima uzito wa vile vipande, tunajua ni protini gani na ipo kiasi gani. Shida ni kwamba albumini peke yake ni kama nusu ya protini zote za plazma, halafu kile kinachovuja kutoka kwenye ukuta wa ateri iliyoumia kinaweza kuwa kidogo kuliko albumini mara mabilioni. Sasa plazma ikiyeyuka ikakaa kwenye joto vimeng'enya vinaendelea kukatakata, seli zilizobaki zinamwaga vitu vyake humohumo, na ukija kupima unapima matatizo ya friza, sio ugonjwa wa mtu.

Na washauri wako wasije wakakwambia "si wachukue damu nyingine". Mheshimiwa, hii damu ilitolewa watu wakiwa wazima, tukawafuatilia miaka, baadaye wengine wakapata kiharusi, wengine shambulio la moyo, wengine wako salama mpaka leo. Thamani yake yote iko hapo. Marehemu nitamtoa wapi anipe damu ya kabla hajaugua? Uingereza wale wa UK Biobank, hifadhi kubwa ya sampuli na taarifa za afya za watu, walikusanya damu kati ya 2006 na 2010 wakaigandisha, na mwaka 2023 wakachapisha matokeo ya protini karibu 3,000 kwa watu zaidi ya 54,000. Miaka yote hiyo damu imekaa inawasubiri, sisi yetu imeshindwa kumaliza wikendi.

Kwa nini jenereta haikuja sijui. Nasikia fungu lilihamia kwenye makongamano (ya afya ya moyo, sijui nicheke), wengine wanasema zabuni imekwamia kwenye sahihi ya mtu mmoja, mi nahisi yote mawili. Ila anayepigiwa simu ni mimi. Kuna mama mmoja mtu mzima, miguu yake inabana akitembea kidogo tu, ateri hizohizo, kila akija ananiuliza "mwanangu, ile damu yangu imesema nini?" Nimjibu nini? Mshahara ukichelewa nanyamaza, glavu zikiisha nanunua mwenyewe nanyamaza, usiku nalala na simu kifuani nasubiri meseji ya friza, na siku ilipozima kumbe hata kile kifaa cha kutuma meseji kilikuwa kinategemea umeme huohuo!

Imebaki friza moja tu na imejaa mpaka mlangoni. Sitaki ziara, sitaki kamati ya uchunguzi, keki na maji ya chupa tulishakula siku ya utepe. Naomba jenereta. Kama mpya haiwezekani leta hata iliyotumika, mradi iwake yenyewe umeme ukikatika usiku. Jenereta mheshimiwa, na safari hii ije kabla ya hotuba.

Ni mimi, mteknolojia wa maabara ambaye bado anakuheshimu.