Kabla ya kushangilia ini la bandia, tuulize nguruwe aliuguaje

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie habari mliyochapa hivi karibuni kwamba ini la bandia, yaani mashine ya kufanya kazi ya ini nje ya mwili, limepatikana, kwa kuwa nguruwe waliounganishwa na mashine hiyo waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Mimi ni daktari wa mifugo. Kilichonikwaza ni kwamba habari nzima haikueleza, hata kwa sentensi moja, ini la nguruwe hao liliharibiwa kwa njia gani, na thamani ya jaribio lote imelala hapo.

Njia mojawapo ni ya kisu. Ini huondolewa lote, au huachwa tumboni huku mshipa unaoliletea damu kutoka kwenye utumbo ukielekezwa kwingine na ateri yake kufungwa, likafa palepale. Nguruwe wa namna hii hana ini la kuota upya, ilhali tunachokitarajia kwa mashine ni kumshikilia mgonjwa mpaka ini lake lijirudi au apandikizwe jingine. Tena yule aliyeondolewa ini lote hana ini bovu linalomwaga sumu katika damu, jambo ambalo kwa binadamu ni sehemu kubwa ya ugonjwa.

Njia nyingine ni sumu, kama galaktosamini, kemikali ya maabara, au parasetamoli. Hii inaukaribia zaidi ugonjwa wenyewe, lakini ina vituko vyake: kwa parasetamoli, panya wa maabara wa jamii ndogo huharibika ini kwa dozi ambayo panya wa jamii kubwa huistahimili. Mimi nimekutana nayo nje ya maabara, siku mama mmoja aliponiletea paka aliyemmezesha kidonge kwa nia njema kabisa. Fizi zilikuwa za rangi ya udongo, na damu niliyoivuta kwenye bomba la sindano ilifanana na kahawa. Ini halikuwa ndilo linalomuua. Damu yake ilikuwa imeacha kubeba oksijeni. Mbwa pia huweza kupatwa na hali hiyo, kwa hiyo mtafiti anayehesabu vifo bila kuchunguza kilichoua anaweza kuisifu mashine kwa kuzuia kifo kisichohusiana na ini.

Wala haya si mageni. Mwaka 1991 watafiti Terblanche na Hickman, wa Cape Town, waliandika masharti ya mnyama anayefaa kwa majaribio haya, yakiwemo kwamba ugonjwa uweze kurudi nyuma, matokeo yafanane jaribio likirudiwa, mnyama afe kwa sababu ya ini, na uwepo muda wa kutosha wa kumtibu. Sharti hilo la muda ndilo linalonisumbua zaidi. Kwenye maabara saa ya kuumia kwa ini inajulikana, na nguruwe alikuwa mzima jana yake. Watu 68 waliougua Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi inayoharibu ini, 20 kati yao wakafariki, hawakuwa na saa ya kuanzia. Walikuwa na ugali wa kila siku.

Ushahidi wa pengo hilo kati ya mnyama wa maabara na mgonjwa upo. HepatAssist, mashine iliyotumia chembe hai za ini la nguruwe (sijui wasomaji Waislamu wangeipokeaje, lakini huo ni mjadala mwingine), ilijaribiwa kwa wagonjwa 171 Marekani na Ulaya baada ya majaribio ya wanyama kutia moyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kuwa waliokuwa hai baada ya siku 30 ni asilimia 71 kwa waliounganishwa na asilimia 62 kwa wasiounganishwa, tofauti ambayo kitakwimu ingeweza kutokea kwa bahati tu.

Sisemi majaribio ya wanyama yaachwe, maana hakuna mzazi atakayekubali mwanawe awe wa kwanza kuunganishwa. Ninachoomba ni kwamba mwandishi wenu, habari kama hii ikimfikia tena, aandike mnyama alikuwa yupi, ini liliharibiwaje, mashine iliunganishwa baada ya saa ngapi, na wale wasiounganishwa walikufa kwa nini. Jirani yangu, ambaye ana mgonjwa wa ini nyumbani, alinijia na gazeti lenu mkononi akitaka kujua mashine hiyo iko hospitali gani. Nilipomwambia kuwa waliopona ni nguruwe, alikigeuzia kichwa cha habari upande wangu akaniuliza mbona hapo hawakutajwa.

Daktari wa mifugo,
Morogoro