Risala ya kikundi cha wanasihi wa wodi ya wanawake kwa mgeni rasmi, sherehe ya kutimiza miaka nane

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, mama yetu Matroni, madokta na manesi, wenyeviti wa vijiji, viongozi wa dini, wanakikundi wenzangu, na akina baba mliokuja mkidhani ni kikao cha mbolea ya ruzuku, itifaki imezingatiwa, shikamooni na habari za mchana.

Kwanza kabisa asante sana mheshimiwa kwa kufika. Kadi iliandika saa nne na sasa ni saa saba na nusu, ila kwetu hiyo ni kuwahi kabisa, mwaka juzi mgeni rasmi aliingia saa kumi na moja pilau limeshakuwa gumu na mtu wa spika ameshaondoka na spika zake. Tunajua majukumu ni mengi.

Historia ya kikundi ni ndefu lakini hatutakuchosha. Tulianza wanawake saba, karibu wote tulishawahi kulazwa wodi hii hii, tukaona wenzetu wanasafishwa kizazi asubuhi, jioni wanaruhusiwa, hakuna aliyewauliza hata umelala vipi. Tukaomba kwa Matroni tuwe tunakaa nao. Akakubali. Historia imeishia hapo.

Mafanikio ni mengi mno. Sasa tuko wanachama 19, tuna akaunti benki ambayo ina hela kidogo lakini ipo, tuna fulana kama unavyoziona, tuna baiskeli mbili, moja nzima. Tumepata mafunzo ya unasihi baada ya mimba kuharibika, tunajua kueleza kijiti, sindano, kitanzi na vidonge bila kumlazimisha mtu. Na kubwa kuliko yote, waandishi wa habari kama mpo mliandike hili vizuri, kikundi chetu kinashiriki utafiti wa kitabibu! Dokta anasema tusiite utafiti bado, anasema ni daftari la ufuatiliaji, basi sawa, lakini ni kaunta buku ya kwaya nne na tumeshaijaza hadi katikati, kwa hiyo mheshimiwa tunaomba utuvumilie tuendelee kuita utafiti.

Hilo daftari ni la wanawake wanaolazwa na homa baada ya mimba kuharibika au kutolewa, madokta wanataka kuona homa inaishia wapi na nani maambukizi yake yanafika mpaka kwenye moyo. Majibu bado na hatutayatangulia hapa.

Labda mheshimiwa unajiuliza moyo na mimba vinakutana wapi, hata sisi tulijiuliza. Tulivyoeleweshwa ni hivi. Kuna mabinti wengi huku kwetu waliugua koo utotoni, halikutibiwa vizuri, ikaja homa ya baridi yabisi, ikawaachia makovu kwenye vali za moyo, yaani ile milango inayopitisha damu, na wao hawajui, wanadhani kuchoka wakipanda kilima ni uvivu kama mama zao wanavyowaambia. Sasa binti kama huyo mimba ikiharibika au akaitoa kwa mtu wa mtaani kwa vifaa vichafu, vijidudu vinatoka kwenye kizazi vinaingia kwenye damu, na vali yenye kovu ndiyo mahali vinapopenda kukaa. Haitokei kila siku, tena dokta alitusisitiza tusitishe watu. Lakini ikitokea ni mbaya. Vinaota pale kwenye vali kama kuvu, kipande kikikatika kinaweza kwenda kichwani mtu akapata kiharusi na umri wake miaka 22, vali ikitoboka moyo unashindwa kusukuma damu, miguu inavimba, pumzi inakata. Matibabu yake ni antibayotiki za mshipani kwa wiki nne mpaka sita, siyo vile vidonge vya siku tano, na wengine inabidi wapelekwe kufanyiwa upasuaji, na wewe mheshimiwa unajua kutoka hapa mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ni nauli ya nani.

Na ili dokta aujue huu ugonjwa mapema lazima mtu aseme ukweli. Hapa ndipo risala yetu inapoanza hasa, yale ya mwanzo ilikuwa salamu.

Mwanamke akija na homa ya wiki tatu halafu hajasema kwamba kulikuwa na mimba, anapimwa malaria, anaambiwa taifodi, anapewa dawa, homa inashuka siku mbili inarudi. Ameshameza antibayotiki za duka la dawa mara nne, ukija kumtoa damu ili wataalamu waoteshe vijidudu hakioti kitu, maana damu ilitakiwa itolewe kabla ya dawa, tena mara tatu kwenye mishipa tofauti. Yote hiyo kwa sababu ya sentensi moja ambayo hakuisema. Kwa nini hakuisema? Anaogopa sheria. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 151 kinataja mpaka miaka saba kwa mwanamke anayejitoa mimba, na hata ambaye yake imeharibika yenyewe kabisa anaogopa atadhaniwa. Sisi tunawaambia kila siku kutibiwa baada ya mimba kuharibika, iwe imeharibika vipi, ni huduma halali ya hospitali na nesi si polisi. Kuna takwimu za watafiti wa NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, na wenzao wa Guttmacher, taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya ya uzazi, walikadiria mwaka 2013 peke yake mimba kama 405,000 zilitolewa nchini, na wanawake waliopata matibabu vituoni kwa matatizo yaliyofuata ni kama 66,600. Wengine waliohitaji matibabu waliugulia nyumbani, mheshimiwa.

Na hao wanaofika, tunaongea nao wapi?

Mheshimiwa tunaongea nao kwenye korido. Kuna benchi katikati ya dirisha la dawa na mlango wa choo, hilo ndilo dawati letu la unasihi. Foleni ya dawa inasikia kila kitu, wifi yuko pembeni ameshika chupa ya uji, mama mkwe amekaa mwisho wa benchi anajifanya anasinzia. Unamuuliza mtu ilikuwaje, anakwambia nilianguka kisimani. Kila mtu wilaya hii ameanguka kisimani, ukisoma daftari letu unaweza ukadhani shida yetu ni visima. Lakini ukimtoa nje mkakaa chini ya ule mwarobaini nyuma ya jengo la kufulia, wawili tu, anatulia, analia kidogo, anakwambia yote, ilikuwa lini, kwa nani, kwa kitu gani, homa ilianza siku ya ngapi. Unampelekea dokta maneno hayo anasema haraka leteni damu. Ule mwarobaini mheshimiwa umetusaidia kuliko kamati nyingi. Sema masika ikianza hatuna ofisi tena, na kiangazi watoto wanakuja kuchuma majani ya dawa wanakaa kutusikiliza.

Tena siyo kusikiliza homa tu. Mtu aliyetoka kwenye mimba kuharibika ndani ya wiki mbili anaweza akashika nyingine, kwa hiyo uzazi wa mpango inabidi uongelewe kabla hajaondoka, na kwa mwenye moyo mbovu huwezi kuongea juu juu. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni havimfai ambaye vali zimeharibika vibaya, vinaweza kumgandisha damu. Aliyewekewa vali ya chuma anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni hasa miezi ya mwanzo, kwa hiyo mimba yake inatakiwa ipangwe na dokta wa moyo akijua. Haya unamweleza mtu wapi, mbele ya wifi? Wengine wanatupa jina la uongo na namba ya simu ya uongo, baiskeli yetu ile nzima imezunguka vijiji kutafuta watu ambao hawapo duniani.

Ombi letu mheshimiwa ni moja. Chumba. Chumba kimoja, mita tatu kwa nne, dirisha juu ili mtu asichungulie, viti vitatu, kabati lenye kufuli la kuweka lile daftari, na mlango unaofungwa kwa ndani. Gari hatuombi. Hata chupa za kuoteshea damu, ambazo zinaisha kila mara, leo hatuziombi ingawa umetusikia tumezitaja.

Na kwa heshima kubwa sana tunaomba tukumbushe, ombi hili si jipya. Mwaka juzi kwenye kiti hicho hicho ulichokalia mgeni rasmi alisimama akasema chumba hiki ni chake, akaahidi mabati 30 na saruji mifuko 50, tukapiga vigelegele mpaka koo zikakauka, tukamvisha kanga, akaweka jiwe la msingi. Jiwe lipo. Lina jina lake vizuri kabisa na mbuzi wa mlinzi wanalipenda jua likichomoza. Saruji ilikuja mifuko sita, tukaambiwa mingine iko kwenye mchakato. Tumekaa na mchakato miaka miwili, mvua ikinyesha haujatufunika hata siku moja. Barua tumeandika tatu kuja ofisini kwako, zote zimerudi nakala zimegongwa muhuri wa kupokelewa, tunaushukuru sana huo muhuri, umegongwa vizuri na tarehe zinasomeka.

Hatusemi wewe utafanya hivyo, wewe tumesikia ukisema umesema. Ndiyo maana tumejipanga. Msingi tulishauchimba wenyewe, mawe tumesomba, mchanga trip mbili upo, fundi ni mume wa mwanachama amekubali nusu bei na yupo pale nyuma amevaa kofia nyekundu, ana futi kamba mfukoni. Kabla ya chakula tunaomba dakika tano tu utembee nasi mpaka nyuma ya jengo la kufulia uone hilo jiwe, mbuzi tumeshawahamisha kwa leo.

Risala hii tumeichapa nakala mbili, moja ya kwako na moja ya katibu wako, kwa sababu ile ya mwaka juzi tuliikuta mezani chini ya sahani.

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu wa kikundi, kwa niaba ya wanachama wote 19