Saa mbili za kunyonyesha, mama aachiwe azipange

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu kina mama wanaonyonyesha huku wakiwa kazini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi, mwajiri anatakiwa amruhusu kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Siku 84 ni wiki 12. Mtoto hajatimiza hata miezi mitatu, na kliniki mama ameambiwa asimpe chochote, hata maji, mpaka afikishe miezi sita.

Sasa bosi anamwambia: nenda kanyonyeshe saa sita, urudi saa nane. Kwa anayefanya kazi Posta na kuishi Chanika, ruhusa hiyo inaishia kwenye foleni. Basi anabaki ofisini, matiti yamejaa, blauzi imelowa, na nyumbani mtoto anaanzishiwa uji kabla ya wakati.

Siombi muda zaidi. Saa ni zilezile mbili, ila mama aachiwe azipange. Kama kazi ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, aingie saa tatu na kutoka saa tisa; au atoke moja kwa moja saa nane, barabara ikiwa bado inapitika.

Waajiri wengi hujibu kwamba ratiba haigeuzwi. Mbona sheria hiyohiyo inawaruhusu kukubaliana na mfanyakazi, kwa maandishi, afanye kazi hadi saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada, mradi siku zisizidi tano na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki? Ratiba inageuzwa kwa ajili ya uzalishaji; igeuzwe na kwa ajili ya mtoto.

Najua kiwandani na wodini mtu haondoki kabla zamu haijapokelewa. Lakini mama hutakiwa kutoa taarifa angalau miezi mitatu kabla ya kujifungua. Ukijumlisha na likizo, mwajiri ana karibu nusu mwaka wa kutafuta wa kumshikia zamu. Maofisa kazi wanapokagua, waombe kuonyeshwa mpango huo kwa maandishi, kisha wamuulize mama mwenyewe, bosi akiwa hayupo.

Msomaji wako,
Dar es Salaam