Waziri, Amonia Naijua kwa Pua

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima. Mimi ni fundi wa mitambo ya barafu hapa Mombasa, mwaka wa 19 huu. Samaki wanaofika kwenye meza za wakubwa hugandishwa kwa amonia, gesi kali ya kupozea, na mitambo hiyo naihudumia mimi. Kwa hivyo mkitaja hidrojeni ya kijani, gesi inayotolewa kwenye maji kwa umeme safi kama wa jua na upepo, na kwamba itapita kwetu kwa malori hadi melini ikiwa amonia, wenzangu hupiga makofi. Mimi huangalia mlango uko wapi.

Jumanne iliyopita kiwanda cha jirani kilivuja. Wala halikupasuka tangi, ni gasketi ya vali moja tu. Bawabu wa zamu, kijana mdogo, akakimbilia kule kule upepo ulikokuwa ukielekea. Nilimfuata na kitambaa kilicholowa maji, nikamvuta kwa shati. Mpaka leo anakohoa, na mimi kifua chanibana nikipanda ngazi. King'ora hakikulia. Yule kijana hakuwa ameambiwa na mtu yeyote kwamba amonia hutafuta maji: jicho, koo, kwapa lenye jasho.

Juzi, kwenye baraza la kutueleza mpango huo, afisa mmoja akatutuliza: "Amonia ni mbolea tu." Ahsante sana. Na chui ni paka tu.

Hesabu yenu naielewa, Mheshimiwa. Hidrojeni peke yake ni kaidi. Kuifanya kimiminika ili isafirishwe kwataka baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Ikifungwa na naitrojeni ikawa amonia, nyuzi 33 chini ya sifuri zatosha, na karibu asilimia 18 ya uzito wake ni hidrojeni. Huko iendako wataivunja kwa moto mkali waitoe tena, na nishati kiasi itapotelea humo. Njia nyingine ipo: mwaka 2020 Wajapani waliisafirisha hidrojeni kutoka Brunei ikiwa imefungwa ndani ya kimiminika kinachobebwa kama petroli, bila kugandishwa. Hiyo hatuisikii. Nadhani ni bei, au pengine aliyekuja kuuza alikuja na amonia.

Tena mkakati wa hidrojeni ya kijani uliozinduliwa Nairobi Septemba 2023 ulitanguliza mbolea ya mkulima wa hapa. Barazani tulisikia meli, meli, meli.

Dakar, Senegali, Machi 1992, tangi la amonia lililojazwa kupita kiasi lilipasuka kwenye kiwanda cha mafuta ya njugu. Lilikuwa na tani 22. Watu 129 walikufa. Na kwetu, Embakasi, Nairobi, Februari 2024, lori la gesi lililipuka usiku watu wakiwa majumbani mwao. Haya si ya kukumbushwa na fundi.

Sipingi hidrojeni. Naomba king'ora. Wazimamoto wenye barakoa za kufaa, ndiyo, na malori yakaguliwe, lakini kwanza king'ora, na mtu wa kutufundisha kikilia tukimbilie wapi. Kabla ya lori la kwanza, Mheshimiwa, si baada ya mazishi.

Jirani yangu hupika chapati hatua chache kutoka barabara kuu. Jana aliniuliza, "Fundi, nikisikia harufu nielekee wapi?" Nikamwambia atazame moshi wa jiko lake unakokwenda, asikimbie nao, aukatize. Akauliza, "Na usiku, jiko likiwa limezimwa?"

Swali hilo nimekuletea wewe.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Fundi wa barafu, Changamwe