Ubuntu ikigoma kusasisha, usianze kwa kufuta

Mteja akituletea kompyuta ya Ubuntu iliyogoma kusasisha programu, tunaanza na swali moja: "Umeshajaribu nini?" Wengine hudhani tunawapima. Ukweli ni kwamba tatizo la mwanzo mara nyingi lingeisha kwa amri moja, lakini kabla ya kufika dukani mtu ameshapita YouTube, ameshamuuliza shemeji anayesoma kompyuta, na ameshanakili amri sita asizozielewa, zote zikianza na sudo, neno linaloipa amri mamlaka ya kubadilisha mfumo mzima. Tunachokuja kutibu sisi ni ile dawa.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Kwenye Linux, ukoo ambao Ubuntu imo, programu huja zikiwa vifurushi, na tukisema kifurushi humu hatumaanishi kile cha GB mbili kwa wiki. Hicho tutakiita bando. Ubuntu imerithi mfumo wake wa vifurushi kutoka Debian, Linux nyingine ambayo ndiyo mzazi wake, na kazi imegawanywa kwa wawili. Apt ni mtu wa manunuzi: anakwenda ghalani, yaani kwenye seva, anaangalia kifurushi unachotaka kinategemea vipi vingine, anavipakua vyote. Dpkg ni fundi wa ndani: anavifungua, anaviweka mahali pake, kisha anavisanidi, yaani anaviandaa vianze kazi. Ukishajua aliyegoma ni nani kati ya hao wawili, hutapoteza muda kumlaumu mwenzake.

Kufuli

Ujumbe unaotuletea wateja wengi kuliko wote ni huu:

`Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`

Maana yake kuna mwingine yuko ndani na amefunga mlango. Mara nyingi huyo mwingine ni Ubuntu yenyewe. Ukiwasha mashine asubuhi nayo ikaona intaneti, programu iitwayo unattended-upgrades huanza kimyakimya kuweka masasisho ya usalama. Wewe huna habari, unaandika amri yako, unakuta komeo. Matoleo ya kuanzia 20.04 hukutajia hata jina na namba ya mchakato, yaani programu iliyo kazini, ulioshika kufuli, kisha husubiri yenyewe. Dawa yake ni chai. Kanywe, urudi.

Ushauri uliojaa mtandaoni ni kulifuta faili hilo la kufuli kwa rm. Fikiria bafu la nyumba ya kupanga. Ukivunja komeo, aliye ndani hajatoka. Sasa mko wawili. Michakato miwili ikianza kuandika kwa pamoja kwenye /var/lib/dpkg/status, ambalo ndilo daftari la kila kifurushi kilichomo kwenye mashine, daftari linaweza kuvurugika, na hapo ndipo kazi ya chai inageuka kuwa kazi ya siku nzima. Mchakato ukifa, kufuli hujiachia lenyewe, kwa hiyo kulifuta hakukusaidii hata pale mlango ulipokuwa wazi. Kama umeshalifuta na daftari limeharibika, tulia. Ubuntu huweka nakala za daftari hilo ndani ya /var/backups, na zimetuokoa zaidi ya mara moja.

Umeme ukikatika katikati

Hili tunalijua wote. Kompyuta ya mezani, haina UPS, masasisho yamefika katikati, taa zinazima. Umeme ukirudi kila amri ya apt inajibiwa hivi:

`dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem.`

Ni nadra kompyuta kukutajia ugonjwa na dawa kwenye sentensi moja, na bado watu huiruka wakaenda kutafuta jibu kwingine. Andika kama ilivyoandikwa:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`

Kilichotokea ni kwamba vifurushi vingine vilifunguliwa lakini havijasanidiwa. Ukiandika dpkg -l, kifurushi kizima huwa na herufi ii mwanzoni mwa mstari wake. Kilichofunguliwa tu huonyesha iU, na kilichokwama katikati ya kusanidiwa huonyesha iF. Amri ya kwanza inamrudisha fundi amalizie alipoachia. Ya pili inamtuma apt akalete vilivyopungua, ila isome kabla ya kuikubali, nitaeleza kwa nini hapo chini.

Kama mashine haiwaki kabisa, huenda umeme ulikatika wakati kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, inawekwa. Usiifomati. Ubuntu kwa kawaida huacha kerneli ya zamani. Bonyeza Esc au shikilia Shift mashine inapoanza, ingia kwenye Advanced options for Ubuntu, chagua namba ya nyuma yake, kisha endelea na amri hizo mbili.

Kwa wanaotegemea bando la usiku kuna njia tunayoipenda sana: tenganisha kupakua na kusakinisha.

`sudo apt update`
`sudo apt full-upgrade --download-only`

Hii inapakua tu na kuweka vifurushi kwenye /var/cache/apt/archives. Umeme ukikatika hapo hakuna kinachoharibika, na ukirudi apt huendelea na vilivyobaki. Kesho mchana, betri ikiwa imejaa, andika sudo apt full-upgrade na kazi inaisha bila kugusa bando, isipokuwa kama umesasisha orodha tena katikati na vitu vipya vimetoka.

"Nilibonyeza Y tu"

Kuna mama mmoja ana stesheneri, anatoa fotokopi, anachapa barua na kadi za harusi. Alileta mashine inayoishia kwenye skrini nyeusi yenye maandishi ya kuomba jina na neno la siri. Hakuna picha, hakuna kipanya, na kazi ya kadi mia mbili ilikuwa ndani.

"Mwanangu, mimi nilikuwa naweka printa," akasema. "Ikaniuliza Y au n. Nikabonyeza Y tu. Si ndiyo ilikuwa inataka?"

Tukaingia kwa jina na neno la siri lake, tukafungua /var/log/apt/history.log. Apt hukumbuka kila kitu: siku, saa, amri iliyoandikwa, kilichowekwa, kilichoondolewa. Kwenye mstari wa Remove palikuwa na orodha ndefu, na katikati yake gdm3 na ubuntu-desktop, vifurushi vinavyoleta skrini ya picha. Draiva ya printa yake ilihitaji maktaba za biti 32, yaani vipande vya programu ambavyo programu nyingine huvitegemea. Zamani kidogo kuna mtu alikuwa amemwekea ghala la nje, lisilo la Ubuntu yenyewe, lenye toleo jipya zaidi la maktaba zilezile kwa biti 64. Namba za matoleo zikawa hazilingani, na apt alipopiga hesabu zake akaona njia pekee ya kuiingiza draiva ni kutoa nje mazingira yote ya picha. Na aliuliza, tena kwa herufi kubwa: The following packages will be REMOVED.

Nikiambiwa nichague mstari mmoja tu wa kumfundisha kila mteja, nachagua huo. Juu ya swali la Y kuna orodha. Ukiona neno REMOVED na chini yake kuna jina lenye desktop, gdm3, network-manager au python3, bonyeza n, hata kama unachotaka kukiweka ni cha haraka kiasi gani.

Tuliondoa lile ghala la nje, tukazirudisha maktaba kwenye matoleo ya Ubuntu yenyewe, tukasakinisha ubuntu-desktop upya. Kadi zilikuwepo zote, kwa sababu apt hagusi mafaili yako ndani ya /home. Printa nayo ikakubali siku hiyohiyo.

Ukipakua faili la .deb, yaani kifurushi kimoja kimoja, kutoka tovuti ya mtengenezaji, liweke kwa apt badala ya dpkg -i:

`sudo apt install ./draiva.deb`

Ile nukta na mkwaju mbele ya jina ni muhimu, ndiyo inamwambia apt kwamba faili liko hapa kwenye folda. Apt atatafuta vinavyotegemewa. Dpkg peke yake hatatafuta, atakuachia nusu kazi.

Saa tatu ni saa ngapi?

Apt kugoma kwa sababu ya saa hutokea zaidi kwenye mashine zilizotumika, maana betri ndogo ya saa kwenye bodi huwa imekufa. Ukizima mashine na kuchomoa waya, saa inapotea. Ikipata intaneti kwa kawaida hujirekebisha, lakini baadhi ya mitandao ya ofisi hufunga njia inayotumika kuulizia saa. Apt akienda ghalani anakuta orodha iliyotiwa sahihi leo, wakati kompyuta inaamini bado ni jana. Anaikataa:

`Release file ... is not valid yet (invalid for another 5h 41min)`

Anachoona yeye ni karatasi yenye tarehe ya kesho. Andika timedatectl uone mashine inaamini ni saa ngapi. Tulishapata moja ambayo mwenyewe alikuwa amejirekebishia saa kwa mkono. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi, akaandika 3:20. Kompyuta ikaelewa saa tisa usiku, nyuma kwa saa sita kamili, na kila siku asubuhi apt akawa anagoma. Andika 9:20 ndugu yangu, kompyuta haijui saa zetu. Betri yenyewe kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, kile kidonge cha duara, na kubadilisha ni kazi ya dakika chache.

Mengine, kwa haraka

No space left on device: angalia df -h, hasa mstari wa /boot kama upo. Kerneli za zamani hujazana humo. Usizifute kwa mkono. Amri ya sudo apt autoremove --purge inajua ipi inatumika sasa.

404 Not Found kwa kila anwani: huenda toleo lako limestaafu. Namba ya Ubuntu ni mwaka na mwezi, kwa hiyo 23.10 ilitoka Oktoba 2023, na kwa kuwa si la muda mrefu lilihudumiwa miezi tisa tu. Matoleo ya muda mrefu, yaani ya Aprili ya mwaka wa shufwa kama 22.04 na 24.04, hupewa miaka mitano ya kawaida. Kwa mashine ya kazi weka hayo. Na kupanda ni ngazi kwa ngazi, kutoka 20.04 kwenda 22.04 kwanza, ndipo 24.04.

Does not have a Release file: ghala la nje uliloongeza halina kitu kwa ajili ya toleo lako. Liko ndani ya /etc/apt/sources.list.d, litoe, maisha yaendelee.

Na kwenu wanafunzi wa chuo: tafadhali msiongeze maghala ya Kali, ile Linux ya wapima usalama, kwenye Ubuntu. Najua video inasema inawezekana. Sasisho la kwanza tu linaweza kubadilisha libc6, msingi ambao karibu kila programu imesimama juu yake, na apt hana njia salama ya kukurudisha toleo la nyuma. Hiyo ndiyo mashine pekee ambayo tunaokoa mafaili, tunasakinisha upya, na hatubishani.

Ukiamua kutuletea

Kabla ya kuja, piga picha ya skrini kwa simu, mistari yote inayoanza na E: (kosa) na W: (onyo), hasa ule wa kwanza. Watu hupiga mstari wa mwisho, ambao mara nyingi ni malalamiko yaliyozaliwa na yale ya juu. Tutumie picha hiyo WhatsApp. Mara nyingine tunakujibu amri moja na hutalazimika kupanda daladala. Kuangalia hatutozi. Tukiona kazi ipo, tunakutajia bei kabla ya kugusa kitu, na tunanakili mafaili yako kwenye diski yetu kwanza.

Njoo na chaja, na umjue mwenye neno la siri. Wiki jana tulikaa na mashine ya ofisi siku mbili, tatizo likiwa la dakika kumi, tukisubiri kijana aliyeiweka apatikane kwenye simu.