Ukungu kwenye njia ya Misali

Assalamu alaykum yakhe,

Hamjambo huko Nungwi, mama watoto na wadogo wote? Huku Chake Chake, Pemba, wazima alhamdulillah, watu wako na karafuu zao tu. Nlitaka nkutumie voisi lakini ingekuwa ndefu mno, bora nkuandikie usome kwa utulivu, mana hili linakuhusu wewe ulonunua mashua.

Jumamosi tulikwenda kisiwani Misali na ami na vijana wake, kwa tanga, mashine tumeichukua ya akiba. Tumetoka Wesha baada ya sala ya alfajiri, upepo wa kusi haujaamka, maji shwari. Ijumaa mvua ilipiga mchana kutwa alafu usiku mbingu ikafunguka, baridi ikashuka mabondeni mpaka horini, ikakuta maji ya moto, bas ukungu ukasimama juu ya bahari. Huku kwetu si kitu cha kila siku, tulichozoea ni mvua kuziba mbele dakika kumi ikapita zake. Huu haukupita. Tulipoiacha mikoko nimekaa tezi, nyuma ya chombo, simuoni kijana alokaa omo, kule mbele, namsikia tu anakohoa.

Nikafungua ramani kwenye simu, kile kidoti cha buluu kinaonesha tulipo, nikamwambia ami tuko sawasawa. Akanambia, sisi tulipo tunapajua, wao walipo unapajua? Yakhe, hilo neno halijantoka mpaka leo. Jipiesi uliyonunua ni nzuri na uibebe, lakini haitokuonesha ngalawa ya mtu wa mshipi iliyotia nanga bila taa wala simu. Na ndo hao walojaa njia ile.

Alichofanya kwanza ni kuamrisha mashine izimwe, mana tulikuwa tunaitumia kwa vile tanga limelala. Kimya. Alafu akasema kila mtu ashike upande wake asikilize. Kijana wa omo akapewa sufuria na mwiko, apige, anyamaze tusikie, apige tena. Nyinyi wa boti za watalii mnaweza kuona haya kupiga sufuria, lakini sheria ya kimataifa ya 1972 ya kuzuia vyombo kugongana baharini inasema hivyo hivyo: chombo kidogo chini ya mita 12, kama hakitoi ishara rasmi za honi, lazima kitoe sauti nyengine yenye nguvu na zisipite dakika mbili bila kusikika. Chombo cha tanga ishara yake rasmi ni honi moja ndefu na mbili fupi. Ukisikia moja ndefu peke yake jua hicho ni cha mashine na kinatembea, na kikiwa mbele yako punguza mwendo mpaka ubaki na ule wa kushikia usukani tu. Hiyo uikariri kabla hujapakia mtu, tafadhali.

Haikuchukua muda tukasikia mtu anaitikia, oyaa, oyaa, kulia kwetu, karibu kweli. Wazee wawili na ngalawa yao, wametokeza kwenye weupe kiasi cha urefu wa mashua yetu, mmoja ameshika mshipi hata hakuuachia. Tungekuwa tunakwenda na mashine tungewapanda. Ami akawasalimia na kuwauliza maji yanavuta wapi, wakamjibu, tukaachana.

Baada ya hapo ikaja kazi ya bildi, ile ya kupimia kina cha maji, na hapa ndo nataka unisome vizuri. Bildi ya ami ni kipande cha madini ya risasi chenye shimo chini, kamba yake ina fundo kila pima (urefu wa mikono miwili ukiikunjua) na kitambaa kila pima tano, hata kwenye kiza mkono unahesabu. Lile shimo analijaza sabuni ya kufulia. Ikigusa chini ikivutwa juu, sabuni inakuja na habari ya huko: tope, mchanga, au chenga za matumbawe. Tukapata pima sita tope, alafu tisa tope, akasema hii njia yenyewe. Alafu tatu, na sabuni imebeba mchanga wa kukwaruza na kijipande cha tumbawe cheupe. Hakusema kitu, akageuza shikio palepale. Muda si muda tukayasikia mawimbi yanavunjika kwenye kipwa, pale penye mwamba na maji haba, upande ule tuliouacha. Nywele zilinsimama.

Kiasi cha saa mbili na nusu jua likaukata ukungu, upepo ukaingia, tukatweka tanga na Misali ile pale mbele. Tumekula samaki wa kuchoma, tumelala. Vijana hawakuwa wakiijua hadithi ya Nabii Khidhri kuwaomba wavuvi msala wakakosa, akasema kisiwa chenyewe ndo msala wake, mana kimeelekea kibla, ami akawahadithia usiku. Jumapili tumerudi kwa kubisha, upepo uko mbele, kusi limeshika, tumerowa sote.

Nimemuomba ami akusubie bildi, yaani akuyeyushie risasi akutengenezee yako, na amekubali. Shemeji anakuja nayo kwa boti ya Alkhamis, mfuate bandarini Malindi. Kamba ni pima ishirini, fundo tumefunga wenyewe, usiikate. Sabuni nunua huko huko, ile ya mche, ya unga haishiki.

Wasalimie wote,
wassalam