Kikao cha Jumamosi: utafiti wa watoto

Assalaam alaykum, habari za jioni kina mama. Kikao cha Jumamosi kipo, saa nane mchana, pale pale. Na kina baba waje, maana fomu ya ridhaa ya mtoto kuingia utafiti ikifika nyumbani wao ndio wa kwanza kung'aka.

Nimezisikiliza zile sauti mlizotuma jana, zinazowaita watafiti "wanyonya damu". Jamani! Kituo cha KEMRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba) na Wellcome Trust (shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya) kipo hapo Kilifi tangu 1989. Chanjo ya malaria ya R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani 2023, nayo ilijaribiwa huko huko. Ila kwangu kubwa zaidi ni utafiti wa FEAST: watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliofika hospitali na homa kali, mikono na miguu baridi. Madaktari wengi waliamini kuwamiminia maji ya mshipa kwa haraka ndiko kunakookoa. Matokeo ya 2011 yakatoka kinyume: waliomiminiwa ndio waliokufa zaidi. Nani angejua bila kupima?

Lakini maswali ulizeni, tena makali. Damu kiasi gani? Ya nini? Itawekwa wapi? Nikimtoa mwanangu kwenye utafiti, atatibiwa vile vile? (Haki yake ni atibiwe.) Asikuharakishe mtu: usitie sahihi wala dole gumba hujaelewa, na nakala ya fomu ubaki nayo.

Njooni na vitabu vya kliniki. Chai ipo, mwenye mahamri abebe.